G Moja ni Mita Ngapi?

Ndugu wasikilizaji, na ninyi ndugu wasomaji ambao hamkuwa karibu na redio Jumapili usiku, leo naanza kwa kuomba radhi. Katika mazungumzo ya wiki iliyopita, nilipokuwa nikieleza habari za breki, nilisema kwamba dereva akikanyaga breki kwa nguvu zote katika barabara kavu, gari hupunguza mwendo kwa kiasi cha "g saba". Nilitamka hivyo mara mbili, tena kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Nilikosea. Nilikusudia kusema mita 7 kwa sekunde kwa sekunde.

Hazikupita siku tatu barua ikaniwasili kutoka Tanga, imeandikwa kwa mkono, herufi zimepangwa kama askari wa gwaride. Mwandishi wake ni mzee aliyefundisha fizikia kwa miaka mingi na sasa amestaafu. Ameniambia hivi: "Mwanangu, kama breki zingekuwa na g 7, basi la abiria linalokwenda kilomita 60 kwa saa lingesimama ndani ya mita 2, na abiria wake wangeteremshwa kwa machela. Waambie watu ukweli, kwa sababu baadhi yao wanaendesha magari."

Nilichukua kalamu nikapiga hesabu nikitumaini kwamba mzee amezidisha chumvi. La hasha! Ni mita 2 kamili, na sentimita mbili juu yake. Kwa kipimo sahihi, yaani mita 7 kwa sekunde kwa sekunde, basi hilo hilo husimama baada ya mita 20 hivi. Neno moja dogo nililoteleza nalo limekula mita 18 za barabara. Kwa hiyo, kwa idhini yenu, leo tuitazame hiyo g na hizo mita, ili asiwepo mwingine wa kupotoshwa na ulimi wangu.

Wanafunzi wetu wanafundishwa neno mchapuko. Mchapuko ni kiasi ambacho mwendo unabadilika katika kila sekunde. Kama gari linakwenda mita 10 kwa sekunde, na sekunde inayofuata linakwenda mita 12, na inayofuata 14, basi kila sekunde imeongeza mita 2 kwa sekunde. Ndiyo maana tunarudia neno "sekunde" mara mbili, jambo ambalo watu wengi hudhani ni kigugumizi cha mtangazaji. Gari likipunguza mwendo hesabu ni ile ile, ila imegeuzwa.

Sasa, ukiangusha nazi kutoka juu ya mnazi, nayo huchapuka. Dunia inaivuta, na kama tukisahau upepo, kila sekunde inaongeza mwendo wa karibu mita 9.8 kwa sekunde. Nazi, jiwe, fundo la funguo, vyote sawa. Mchapuko huo wa vitu vinavyoanguka ndio ulioitwa g. Kwa hiyo mtu akisema "g mbili" anamaanisha mara mbili ya mvuto wa dunia, na akisema "nusu g" anamaanisha nusu yake. Si gramu, ingawa herufi ni hiyo hiyo na wachapaji wetu huzichanganya kila siku. Nimewahi kuona gazetini habari ya rubani aliyestahimili "gramu 9". Hata sisimizi angestahimili.

Kwa nini basi pawe na vipimo viwili? Mita kwa sekunde kwa sekunde ni kipimo cha mhandisi, kinaingia katika hesabu bila ugomvi. G ni kipimo cha mwili. Ukiambiwa mita 30 kwa sekunde kwa sekunde huhisi chochote. Lakini ukiambiwa g 3, unajua papo hapo kwamba kila kiungo chako kitakuwa na uzito mara tatu, mkono wako, kichwa chako, na hata kile chakula cha mchana ulichokwisha kula.

Njia ya kutoka huku kwenda kule ni moja. G 1 ni mita 9.80665 kwa sekunde kwa sekunde. Tarakimu hizo hazikuokotwa njiani. Ziliwekwa mwaka 1901 na Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliokutana Paris, na mpaka leo hazijabadilishwa. Ukiwa na g, zidisha kwa 9.80665 upate mita. Ukiwa na mita, gawanya. Kwa sisi tusiotembea na mashine ya kuhesabu mfukoni ipo njia ya mkato: zidisha g kwa 10, kisha punguza mia mbili katika kila elfu kumi, yaani asilimia 2. G 0.7 inakuwa 7, ondoa 0.14, imebaki 6.86. Ukirudi nyuma, gawanya mita kwa 10 na uongeze asilimia 2. Mita 5 inakuwa 0.5, ongeza 0.01, basi ni g 0.51. Ukiweza kuhesabu chenji ya daladala, hii haikushindi.

Hapa mzee wa Tanga ameniwekea mtego katika ukurasa wa pili wa barua yake. Ameuliza: mvuto wa dunia si sawa kila mahali, je, tutumie g ya wapi? Ni kweli kabisa. Kwa sababu dunia inajizungusha, na imefutuka kidogo katikati, huku kwetu karibu na Ikweta mvuto ni mdogo. Hapa Dar es Salaam ni kama mita 9.78, London ni 9.81, na katika ncha za dunia ni 9.83. Lakini katika kubadilisha vipimo hatutumii mvuto wa mahali tulipo. Tunatumia ile ya Paris, hata kama tumesimama Manzese. Ni kama futi: ilianza kwa unyayo wa mtu, lakini leo huendi dukani kupima kitambaa kwa unyayo wako mwenyewe.

Wenzetu wanaopima matetemeko ya ardhi wana kipimo chao cha tatu, nacho kinaitwa gal, kwa heshima ya Galileo. Gal moja ni sentimita 1 kwa sekunde kwa sekunde, hivyo g moja ni gal 980 na kidogo. Tangu tetemeko lililopiga Kagera Septemba 2016 nimepata barua kadhaa zinazouliza habari hizo. Katika mji wa Kobe, nchini Japani, tarehe 17 Januari 1995, chombo cha idara ya hali ya hewa kilisoma gal 818. Gawanya kwa 980, unapata g 0.83. Maana yake ni hii: nyumba imara ya tani 100 iliyokuwa imetulia juu ya msingi wake ilisukumwa ubavuni kama vile imeegemewa na tani 83, ikarudishwa, ikasukumwa tena. Nyumba nyingi hujengwa zibebe mzigo kutoka juu. Wa ubavuni haukufikiriwa.

Lakini nisiende mbali hadi Japani wakati ubishi ulikuwa sebuleni kwangu. Jumatano jioni wapwa zangu wawili, mvulana na dada yake, walikuja kunitembelea, na mimi nikawaonyesha barua ya mzee. Siku hizi simu za mkononi zina ndani yake chombo kidogo kuliko punje ya mchele kinachopima mchapuko. Ndicho kinachojua kama umeilaza simu au umeisimamisha. Vijana wakatafuta programu za kuonyesha vipimo hivyo, wakaziweka simu zao mezani. Ya mvulana, ambayo ni iPhone, ilisoma 1.0. Ya dada yake, yenye mfumo wa Android, ikasoma 9.8.

"Mjomba, yake ni mbovu," akasema mvulana.

"Yake ndiyo mbovu, Mjomba," akajibu dada mtu, "ya kwangu ni mpya."

Simu zote mbili zilikuwa nzima. Waliotengeneza moja waliamua itoe hesabu kwa g, na waliotengeneza nyingine wakaamua itoe kwa mita. Ni sawa na watu wawili wanaopima kipande kimoja cha khanga, mmoja kwa yadi na mwingine kwa mita, kisha wakatukanana. Mvulana hakuridhika. Akauliza, kwa nini simu iliyolala kimya mezani isome g 1 wakati haiendi popote? Swali zuri, nami nilimpa heshima yake. Chombo kile hakihisi mwendo, kinahisi kusukumwa. Meza inaisukuma simu juu ili isianguke, nayo inausoma msukumo huo. Ungeiachia simu ianguke, ingesoma sifuri mpaka ifike sakafuni. Nikamzuia kabla hajajaribu.

Ninasimulia haya si kwa sababu ya mzaha wa wapwa zangu. Katika burungutu lile lile la barua palikuwa na moja kutoka kwa fundi wa gereji hapa mjini. Jina lake sitalitaja, wala la gereji, wala la mwenye basi. Fundi huyo ana kipimo cha breki cha zamani kilichotoka Uingereza, cha kuweka sakafuni mwa gari. Gari linakimbizwa, breki zinakanyagwa, na sindano inaonyesha asilimia ya g. Alipima basi moja la masafa marefu, sindano ikasimama kwenye 38. Karatasi iliyokuja na basi hilo inasema breki zisipungue 5.0. Mkubwa wake akazitazama tarakimu zile mbili, akacheka, akasema: "Thelathini na nane si kubwa kuliko tano? Tena mara saba! Lipeleke stendi."

Fundi aliona mashaka lakini hakuwa na maneno ya kumjibu mkubwa wake. Basi likaondoka alfajiri, na limekuwa likisafiri tangu hapo. Ananiuliza mimi: je, ni salama?

Tufanye hesabu pamoja. Asilimia 38 ya g ni g 0.38. Zidisha kwa 10 upate 3.8, ondoa asilimia 2, ni mita 3.7 kwa sekunde kwa sekunde. Karatasi inataka 5.0, na hiyo 5.0 ni ya mita. Ndiyo hiyo hiyo inayotakiwa kwa mabasi ya abiria katika Kanuni namba 13 ya Umoja wa Mataifa juu ya breki. Ili kuifikia, sindano ya fundi ingepaswa kusoma 51. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, basi lenye mita 5.0 husimama baada ya mita 49 tangu breki zishike. Hili la 38 husimama baada ya mita 66. Tofauti ni mita 17, zaidi ya urefu wa basi lenyewe. Katika mita hizo 17 ndimo alimo yule mwenye baiskeli.

Barua hiyo niliisoma saa tano usiku na sikungoja asubuhi. Nilipiga simu iliyoandikwa chini yake. Nitarudi huko.

Maana kuna upande wa pili, wa pale ambapo breki hazikutosha. Mkwe wangu, mke wa kijana wangu mkubwa, wiki ijayo anasafiri kwenda Dodoma kwa gari la jamaa yao, na mtoto wa miezi tisa. Nilimuuliza mtoto atakaa wapi. "Nitampakata, Baba," akaniambia, "nitamshika sana." Sikumlaumu, kwani mimi mwenyewe, enzi zangu, nilimkalisha mume wake kiti cha mbele mapajani mwa mama yake, tukaenda hadi Iringa tukiimba.

Tuchukue gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa, limegonga kitu kisichosogea, na pua yake ikakunjika kwa sentimita 70 mpaka likasimama. Mchapuko wake, kwa wastani, ni mita 198 kwa sekunde kwa sekunde. Hiyo ni namba tu. Igawanye: ni g 20. Sasa mwili umeelewa. Mtoto wa kilo 10, kwa muda usiofikia sehemu moja ya kumi ya sekunde, anakuwa mzito wa kilo 200 mikononi mwa mama yake. Ni mifuko minne ya saruji. Nikarudia hesabu kwa mwendo mdogo, kilomita 30 kwa saa, mwendo ambao watu huita wa kutembea. Ikawa g 5, yaani kilo 50, mfuko mmoja mzima wa saruji, unaochomoka ghafla bila kuagana. Hakuna mama mwenye mikono hiyo, wala baba.

Na msifikiri kumfunga mtoto na mama katika mkanda mmoja ni dawa. Mama wa kilo 60 kwa g 20 ni kilo 1,200, na mtoto yuko kati yake na mkanda. Mtoto awe na kiti chake, kilichofungwa, nyuma. Nilimwambia mkwe wangu hivyo, naye akanyamaza muda mrefu kwenye simu, kisha akaniuliza viti hivyo vinauzwa wapi.

Je, mwili wa binadamu unastahimili g ngapi? Yupo mtu mmoja aliyelijibu swali hilo kwa mwili wake. Alikuwa daktari wa jeshi la anga la Marekani, Kanali John Paul Stapp. Tarehe 10 Desemba 1954, katika kituo cha Holloman, jimbo la New Mexico, alifungwa mikanda juu ya kigari cha reli chenye makombora nyuma yake. Kilifika mwendo wa maili 632 kwa saa, yaani kilomita 1,017, kisha kikasimamishwa kwa maji katika sekunde 1.4. Kwa wastani hiyo ni mita 202 kwa sekunde kwa sekunde, g 20 na nusu, karibu sawa na gari letu la kilomita 60. Lakini kilele chake kilifika g 46.2. Zidisha mwenyewe: ni mita 453 kwa sekunde kwa sekunde. Mtu wa kilo 75 hapo anakuwa mzito wa tani tatu na nusu. Mishipa midogo ya macho yake ilipasuka, akawa haoni kwa muda, kisha akapona. Alifariki mwaka 1999 akiwa na umri wa miaka 89.

Kwa nini alinusurika? Mikanda. Alikuwa amefungwa kila mahali, kwa hiyo alisimama pamoja na kiti chake na kupata zile sekunde 1.4 zote. Asiyefungwa hasimami na gari. Gari linasimama, yeye anaendelea na kilomita zake 60, na anakuja kusimamishwa na chuma au kioo katika nafasi ya sentimita chache. Zikiwa sentimita 5, hesabu inatoa g 283. Stapp alilijua hilo, akatumia miaka yake iliyobaki kupigania mikanda katika magari ya raia. Ule mkanda wa bega na kiuno tunaoujua leo ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959. Mara nyingi, katika teksi zetu, huwa umekunjwa nyuma ya kiti usimsumbue abiria.

Sasa nirudi kwa fundi wangu. Usiku ule nilimsomea hesabu kwenye simu naye akaiandika nyuma ya risiti. Asubuhi akampelekea mkubwa wake. Huyo akasema kipimo ni cha kikoloni na redio haina leseni ya gereji, na kwa hilo la pili alikuwa na haki. Fundi hakubishana. Alimtafuta dereva, akamwonyesha ile tofauti ya mita 17, na wakaenda nje wakaipima kwa hatua, kutoka mlango wa gereji hadi kwenye kibanda cha mama muuza vitumbua. Dereva akatazama kile kibanda, akazirudisha funguo mezani, akasema hatoki.

Basi likapandishwa juu ya vipande vya mti. Magurudumu mawili ya nyuma, bitana zake zilikuwa zimelowa mafuta yaliyovuja kutoka kwenye ekseli, zinateleza kama sabuni. Zimebadilishwa, na sili zimewekwa mpya. Ijumaa fundi alinipigia simu kusema sindano imesoma 56.

"Hiyo ni mita ngapi?" nikamuuliza.

"Tano na nusu, Mzee," akajibu, na nilisikia kwamba hakugusa mashine.